Aliyeuza Ardhi Akanunua Hewa

Hapa Kaisho ukilitaja jina la Protase Nshimiyimana, watakuambia ni yule aliyemdanganya mama yake akiwa anakata roho. Wanayasema hayo dukani kwangu, simu mkononi, wakitumia mtandao aliouleta yeye kwa mikono yake, na vocha wamenunua kwangu. Nawapimia sukari, nawarudishia chenji, nanyamaza. Kuna jambo nalijua wasilolijua wao, na huu ni mwaka wa pili sijalisema.

Mimi ni Shufaa. Wengi huniita Mama Kauthar. Babu yangu alipanda huku kutoka Pangani na robota la kanga, akaoa, akafa, akazikwa hapahapa. Mpaka leo nikibishana na mteja bei ya mchele naambiwa nirudi kwetu pwani, mahali ambapo sijawahi kulala hata usiku mmoja. Kwa hiyo Protase alipokuja kuniomba kibaraza aweke meza ya kutengenezea simu, na wambea wakaninong'oneza kwamba huyo ni Mnyarwanda, niliwauliza babu zao wao waliota wapi. Meza ikawekwa.

Protase alikuwa mzaliwa wa kijiji cha Kibingo. Baba yake, mzee Hagenimana, alivuka zamani kutoka Rwanda kuja kulima vibarua, akajipatia kibanja, akapanda migomba na mibuni, akafa akazikwa katikati ya migomba yake kama ilivyo desturi. Ulipofika mwaka 2013, na watu wakaambiwa asiye na karatasi avuke, Protase alikuwa na kadi yake ya kupigia kura. Mama yake, Kantengwa, hakuwa na kitu isipokuwa kaburi la mume wake, na kaburi si hati. Alivuka na godoro, sufuria mbili na binti yake mdogo, Uwingabire. Protase aliwasindikiza, akarudi kibarazani kwangu, akakaa siku nzima anafungua na kufunga simu moja ileile ambayo haikuwa na ubovu wowote. Nilikasirika siku ile, na hasira hiyo sijaimaliza.

Miaka ikapita wakisikilizana kwa simu ya kawaida, dakika mbili, tatu, salio linakata. Halafu huko ng'ambo Uwingabire akapata kazi na simu nzuri, na mama akaanza kusema anataka kuuona uso wa mwanawe. Huku kwetu mpakani mtandao ulikuwa wa kubembeleza. Ukitaka kumwona mtu kwenye simu unapanda mlimani, unanyoosha mkono, na bado unaoneshwa nusu ya pua.

"Tatizo ni nini?" nilimuuliza siku moja. "Sauti inapita, uso unakwama wapi?"

Protase alipenda sana kuulizwa hivyo. Aliweka chini bisibisi yake. "Mama Kauthar, unalikumbuka lile kabati ulilompelekea Kauthar alipoolewa Nkwenda?"

Ningelisahauje? Lilikataa kuingia kwenye gari, ikabidi tulifungue lote. Yeye ndiye aliyeandika namba kwa mkaa kwenye kila ubao, na mbao zikaenda kwa bodaboda sita, kila moja kwa muda wake na njia yake.

"Basi data nayo inasafiri hivyo," alisema. "Picha haiendi nzima. Simu inaikatakata vipande, maelfu, kila kipande kinaandikwa namba yake na anwani ya kinakokwenda. Vinarushwa hewani. Kimoja kinatangulia, kingine kinachelewa, kingine kinapotea kabisa. Simu ya kule inavipanga kwa namba. Ikiona cha kumi na saba hakipo, inasema, nirushie tena cha kumi na saba. Hata kama ni saa nzima, itasubiri mpaka kabati lisimame."

"Kwa hiyo uso wa mama yako utafika tu. Kwa nini hausubiriwi?"

"Kwa sababu tunaongea ana kwa ana. Hapo hakuna kusubiri. Kipande kikichelewa kinatupwa, mazungumzo yanasonga mbele. Ukisubiri, utakuwa unamjibu mtu jambo la juzi." Akachukua bisibisi yake. "Kinachotakiwa ni njia safi, visipotee tangu mwanzo."

Njia safi ilikuwa na gharama yake. Kampuni moja ndogo kule Kayanga ilikuwa inauza intaneti, na mtu aliweza kuivuta kwa masahani, kutoka kilima hadi kilima, mradi sahani na sahani zionane bila mti wala nyumba katikati. Protase alipanda vilima vyote vya Kamuli na darubini ya kuazima. Akarudi amepungua mwili, macho yanang'aa, anasema inawezekana. Kilichobaki ni kununua masahani, milingoti, betri na paneli za jua.

Akauza kibanja cha Kibingo.

Nasema wazi, maana kuficha hakunisaidii: aliyenunua ni kaka yangu Mansoor, mnunuzi wa kahawa, na mimi ndiye niliyewakutanisha. Niliweka saini ya shahidi. Nilijua duka langu litapata mtandao wa kuuza, na nilijiambia ninamsaidia kijana amwone mama yake. Yote mawili yalikuwa kweli, na ndiyo maana sikujiuliza swali la tatu. Kaburi la mzee liliandikwa kwenye mkataba kwamba libaki. Halikuandikwa lolote kuhusu mtu mwingine yeyote.

"Umemwambia mama yako?" nilimuuliza tukitoka kwa mtendaji wa kijiji.

"Nitamwambia nikimwona uso kwa uso, Mama Kauthar. Jambo kama hili halisemwi kwenye simu ya salio."

Siku sahani ya paa langu ilipokamata ile ya kilimani, tulikusanyika stoo, kwenye magunia ya unga, ambako alikuwa ameweka kisanduku chenye taa cha kugawa mtandao. Uso wa Kantengwa ukatokea. Mwembamba, kitambaa kichwani, macho yaleyale ya Protase. Akaanza kucheka, akagusa kioo cha simu kwa kidole akitafuta shavu la mwanawe. Nililia mbele ya wateja. Kitu cha kwanza alichouliza yule mama baada ya salamu kilikuwa hiki: "Kibanja kinaendeleaje?"

"Kipo, mama," Protase akasema. "Kinazaa."

Basi ikawa hivyo. Kila Jumapili baada ya misa anaulizwa mibuni, anajibu imezaa. Anaulizwa mkungu wa kwanza wa mwaka, anakwenda gulioni kununua mmoja, anauleta stoo, anausimamisha mbele ya simu. "Mama, huu ni wa kwetu." Mama anausifu, anamwambia asisahau kupalilia kwenye kaburi la baba yake. Mwanzoni nilimtania: "Fundi, migomba yako ya gulioni imestawi mwaka huu." Alicheka mara moja. Mara ya pili hakucheka, nikaacha. Uongo ukishaota mizizi ni kazi kuung'oa, na huu ulikuwa unamwagiliwa kila Jumapili.

Wakati huo Mansoor naye hakulala. Alikata migomba ile, akamwaga zege, akatengeneza sakafu pana ya kuanikia kahawa. Kaburi la mzee hakuligusa, mkataba ulimfunga. Lilibaki katikati ya sakafu, limezungukwa na vimti vichache vya mlamula, mti wa huku wa kuwekea alama makaburi na mipaka, na saruji imefika mpaka kwenye mizizi yake pande zote nne. Protase alikwenda kuona mara moja. Aliporudi hakula.

Mwezi wa tano mwaka juzi Uwingabire akapiga simu katikati ya wiki. Mama ameugua, mapafu, hospitali wamewarudisha nyumbani. Ameanza kuaga.

Katika ukoo wao mzazi anayeondoka huwaita watoto mmoja mmoja. Wengine wote hutoka nje. Humpa kila mtoto maneno yake, baraka yake, na kama ana agizo analitoa hapo. Mtoto anapaswa kujibu kila mzazi anapotua kuvuta pumzi. Asiyejibu ni kama amekataa. Na maneno hayo ni ya huyo mtoto tu, hayasimuliwi na mdomo mwingine. Protase aliyataka maneno hayo kuliko chochote duniani. Alikuwa mtoto wa kwanza, miaka kumi hajaguswa kichwani na mama yake, na hati ya kuvuka aliyoiomba ilikuwa bado haijatoka. Kilichobaki kwake ni baraka ile.

Lakini ujuzi wake ulimwambia jambo, akampigia dada yake mbele yangu. "Uwinga, msikilize fundi. Mwambie mama aseme, wewe washa simu imrekodi, kisha toka nje. Halafu nitumie. Itafika taratibu, hata kama ni kesho, lakini itafika nzima."

Nilisikia sauti ya Uwingabire akienda kuuliza na kurudi. "Mama anasema yeye si redio. Anataka akuone, na akusikie ukijibu."

Nani angembishia? Mimi nisingeweza. Protase mwenyewe, nadhani, alifurahi kushindwa. Aliuza urithi wake ili auone uso ule, sasa atamwambia nani usioneshwe?

Ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri. Mvua ya mwisho ya masika ilikuwa inakusanyika juu ya Kamuli. Protase alivaa shati jeupe. Aliingia stoo, akaniomba niwazuie wateja, nikasimama mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Uwingabire akamwegesha mama kwenye mito, akaiegemeza simu kwenye kikombe, akatoka. Nilimwona Kantengwa vizuri kabisa. Amekwisha, lakini macho yapo.

"Mwana wanjye," akasema. Mwanangu.

"Yego, mama," akajibu. Ndiyo, mama.

Aliomba kwanza, nasi tukasikia. Akamshukuru Mungu kwa kumpa Protase. "Yego, mama." Upepo ukapiga bati. Mvua ikashuka. Protase alishaniambia kwamba mvua yenyewe si adui mkubwa; adui ni upepo unaotikisa mlingoti, na majani yaliyolowa ya mikaratusi iliyorefuka kule kwenye kingo za kilima. Niliuona uso wa Kantengwa ukiganda, mdomo wazi kidogo. Kigurudumu kikazunguka katikati ya paji lake. Sauti ikakata.

Nikangoja. Uso ukacheza mara moja, ukaganda tena mahali pengine, mkono umeinuliwa. Hakuna sauti. Nikajua anaongea, kwa sababu kila uso ulipochezacheza mdomo ulikuwa umehama. Na mama alikuwa anatuona na kutusikia, maana, kama Protase alivyonieleza, vipande vya kwenda vinaweza kupita wakati vya kurudi vinapotea.

"Yego, mama," Protase akasema.

Nilimtazama. Alikuwa anakiangalia kile kioo kilichokufa na kukijibu. Nikampungia mkono, nikamwambia kwa midomo bila sauti: mwambie hasikiki, arudie! Akatikisa kichwa. Akangoja kadiri ya pumzi moja ya mgonjwa. "Yego, mama." Machozi yanamtiririka, sauti ameikaza. Mara ya tatu uso ukasogea, akaona kwamba mama ametulia, anangoja. "Yego, mama," akasema kwa nguvu.

Simu ikakatika. Dakika saba baadaye mvua ikapungua, mtandao ukarudi, Uwingabire akaandika kwamba mama amelala, amechoka, ila amefurahi sana.

"Kwa nini hukumwambia arudie?" nilimfokea. "Wewe ndiye unayetufundisha kwamba kilichopotea kinaombwa tena!"

"Hukuziona pumzi zake? Zilikuwa za mara moja. Ningemwambia sijasikia, angekufa akihangaika kurudia." Akajifuta uso kwa mkono wa shati jeupe. "Ni baraka tu, Mama Kauthar. Baraka inajibiwa yego. Mungu amesikia kwa niaba yangu."

Jumapili Kantengwa akafariki. Protase akaanza kuwapa watu taarifa, akitafuta namna ya kuvuka akamzike. Jioni Uwingabire akapiga, na hapo ndipo dunia ilipogeuka.

"Tunakuja," alisema. "Karatasi za maiti zinatoka kesho. Tunapita mpaka wa Rusumo keshokutwa alfajiri."

"Mnakuja wapi?"

"Nyumbani, kaka. Kibingo. Si ulimwambia mama ndiyo? Baada ya kuongea na wewe aliniita, akaniambia: nimemuuliza Protase kama pembeni ya baba yenu kuna nafasi yangu, kama kibanja hakijaguswa, kama atanipokea. Amesema yego, mara zote tatu. Anza kuchimba."

Protase aliniangalia na simu ikiwa bado sikioni. Hakumwambia dada yake lolote. Akakata simu, akaniuliza kama Mansoor yuko nyumbani.

Ninaandika haya kwa uchungu, na uchungu wangu mwingi ni wa ndugu niliyenyonya naye ziwa moja. Nilikwenda mwenyewe, nikampigia magoti kaka yangu. Nilimwambia avunje sakafu kiasi cha mita mbili tu. Mansoor si katili. Alikuna kichwa, akanionesha kahawa ya wenye mashamba ilivyojaa pale, akasema, "Dada, kahawa za watu zipo juu, msimu ndio huu. Na leo nikizika mmoja, kesho watoto wake watasema shamba ni lao. Kule pembeni ya barabara, karibu na choo cha vibarua, nitawapa." Nilimtukana tusi ambalo mama yetu angenichapa kwa kulisema. Hakubadilika. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi nilikuwa nimechuma pamoja nao.

Yule mama aliyekosa karatasi ya kukaa akiwa hai alipata karatasi ya kurudi akiwa maiti. Gari lilitoka Rusumo, likapita Benako, likapanda Karagwe, likaingia Kibingo Jumanne saa kumi, limejaa vumbi. Protase alikuwa na siku nzima ya kuwapigia awaambie. Hakupiga. Walishusha jeneza, wakaliweka juu ya viti viwili penye ukingo wa sakafu, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Uwingabire alikuwa mtoto alipoondoka. Sasa ni mwanamke mrefu, kanga nyeusi mabegani. Aliitazama saruji. Akavua viatu, akapita katikati ya kahawa za watu mpaka kwenye milamula ya baba yake, akazunguka kaburi lote akitafuta mahali jembe lingeweza kuingia. Majirani wote wa Kibingo walikuwa wamesimama wanatazama.

Akarudi, akasimama mbele ya kaka yake.

"Uliuza lini?"

"Miaka minne iliyopita."

"Na ile mikungu?"

Akageuka kuliangalia jeneza. Nikatamani ardhi inimeze, ila pale hata ardhi haikuwepo.

"Protase," akasema, polepole, "nataka kujua kitu kimoja tu. Mama alipokuuliza kama kuna nafasi yake hapa, ulimsikia?"

Hapo ndipo aliponiangalia. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa stoo siku ile. Angesema sikusikia, mtandao ulikata, muulize Mama Kauthar, nami ningeapa kwa Mungu mbele ya watu wote, na nusu ya aibu ingemwondokea pale pale. Nilishafungua mdomo. Akatikisa kichwa kidogo, vilevile alivyonitikisia stoo.

"Nilimsikia," akasema. "Nilimsikia vizuri."

Uwingabire hakupiga kelele. "Basi udongo wake usiuguse," alimwambia. "Wala kamba ya jeneza usiishike."

Walimzika makaburi ya kanisa, Kaisho, kilomita nyingi kutoka kwa mume wake, pembeni ya watu asiowajua. Katekista alipoita mtoto wa kwanza atupe udongo, alisogea Uwingabire. Protase alikuwa nje ya uzio wa michongoma, amevaa lile shati jeupe, na wanaume waliokuwa wakimwita fundi walipita mbele yake bila salamu. Nilimfuata. Nilikuwa na hasira naye, na Mansoor, na mimi mwenyewe, sikujua nianze na nani.

"Umewaachia wakuite mwongo," nilisema. "Kwa faida ya nani?"

"Uwinga akijua kwamba sikusikia," alijibu, "atajua kwamba mama alitumia pumzi zake za mwisho kuongea na kikombe. Acha ajue kwamba alikuwa anaongea na mtu, hata kama mtu mwenyewe ni mbaya."

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama kwa kuangalia midomo ya mama yake siku ile mimi niliambulia neno lolote la ile baraka. Nikamwambia hapana.